Dawa za Majani Sokoni Tabora: Kutambua Kasoro, Vyanzo Vyake na la Kufanya

Kwa miaka mingi nimekausha na kuuza majani ya mlonge, mchaichai na mwarobaini hapa Tabora, na katika muda huo malalamiko yaleyale yamenifikia kutoka kwa watu mbalimbali: unga umegeuka kahawia, majani yananuka uvundo, chupa ya asali ya dawa imetoa povu, au dawa iliyouzwa kuwa ya viungo imemlaza mtu kutwa nzima. Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata malalamiko hayo. Chini ya kila dalili ninaanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi, kisha vile vya nadra, pamoja na uchunguzi unaoweza kufanyika nyumbani bila vifaa vya maabara.

Macho, pua na vidole vinaweza kukueleza jinsi mmea ulivyokaushwa na kuhifadhiwa, lakini haviwezi kukueleza kama ndani yake kuna madini ya risasi, sumukuvu, au kidonge cha hospitali kilichosagwa kwa siri. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa nyumbani una kazi ya kukataa, wala hauna uwezo wa kuthibitisha usalama. Dawa iliyoshindwa itupwe; iliyofaulu imefaulu katika yale tu uliyoyapima.

Majani au unga umepoteza rangi ya kijani

Mara nyingi chanzo ni kuanikwa juani. Kuanzia Mei hadi Oktoba jua la Tabora ni kali na hewa ni kavu, hivyo mkaushaji huona wepesi wa kumwaga majani juu ya turubai asubuhi na kuyakusanya jioni. Majani hukauka upesi kweli, lakini mwanga huohuo huharibu rangi ya kijani pamoja na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na hivyo ndivyo vinavyofuatwa na wengi wanaotumia mlonge. Mlonge uliotandazwa kwa tabaka jembamba kivulini, juu ya chandarua au kitanda cha kamba penye upepo, hubaki na kijani kinachokaribiana na kile cha mtini.

Chanzo cha pili ni kukaa muda mrefu mahali penye mwanga, hasa katika mifuko inayoonyesha inayotundikwa mbele ya duka. Cha tatu, ambacho huonekana zaidi msimu wa mvua, ni kurundika majani mabichi hadi yakapata joto lake yenyewe kabla ya kukauka. Majani ya namna hiyo huwa na madoa meusi, wala hayafifii kwa usawa.

Fungua mfuko ulinganishe juu na katikati. Ikiwa juu pamefifia na katikati bado ni kijani, tatizo ni mwanga na umri. Ikiwa rangi ya kahawia imeenea kote kwa usawa, majani yalianikwa juani au ni ya zamani sana. Ikiwa kuna madoa meusi yaliyoshikana, shuku kurundikwa, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya ukungu hapa chini. Kufifia peke yake si sumu. Ni dawa iliyopungua nguvu, na una haki ya kudai bei ishuke au kwenda kwa muuzaji mwingine.

Kinyume chake pia hutokea, yaani unga wa kijani uliokolea kupita majani yenyewe. Rangi ya kijani ya majani haiyeyuki katika maji baridi, hivyo koroga kijiko kimoja katika glasi ya maji baridi, acha itulie, halafu chuja kwa pamba iliyoshindiliwa. Unga safi wa majani hutoa maji yenye umanjano hafifu. Maji yakipita kwenye pamba yakiwa bado na kijani kikali kinachong'aa, huenda unga umetiwa rangi, na usiunywe.

Harufu imepotea, au imekuwa harufu ya kitu kingine

Mchaichai, mdalasini na tangawizi vina mafuta yanayoruka hewani, na harufu ikishatoka, sehemu kubwa ya kile ulichokilipia imetoka nayo. Kwa kawaida sababu ni kusagwa mapema mno. Jani zima hutunza mafuta yake kwa miezi mingi, ilhali unga huyapoteza kwa muda mfupi, hasa katika chombo kisichofunga vizuri. Sugua jani kati ya vidole viwili hadi lipate joto, kisha nusa; kwa unga, mimina maji ya moto juu ya kijiko kimoja na unuse mvuke wa kwanza. Pasipo na harufu hapo, haitakuja baadaye kwa kuongeza vijiko, na kuongeza vijiko ndiko kunakowafikisha watu kwenye kuharisha na kuumwa tumbo.

Katika mkoa wetu harufu ngeni inayojitokeza zaidi ni ya tumbaku. Hili ninalisema kwa uchungu kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Mwaka mmoja mvua zilinikuta na magunia matatu ya mlonge ambayo hayajakauka vyema, nikaazima nafasi katika bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, lililokwisha kutolewa tumbaku, nikalifagia, nikatandaza majani yangu humo. Baada ya siku nne yalikuwa makavu kabisa, ya kijani kizuri, na yote yananuka tumbaku. Jirani aliniambia niyasage nichanganye na mengine, hakuna atakayejua. Niliyatupa yote matatu, kwa sababu vumbi la tumbaku lina nikotini, na kuta za bani hubeba mabaki ya viuatilifu vilivyopuliziwa shambani. Mtoto anayelishwa uji wenye unga huo anakula vyote viwili. Ukinusa tumbaku katika dawa ya majani, irudishe, hata kama muuzaji anakuapia kuwa ni harufu ya gunia tu.

Kwa sababu hiyohiyo muulize muuzaji majani yalichumwa wapi. Mlonge au mwarobaini unaoota kwenye mpaka wa shamba la tumbaku au pamba hupata sehemu ya dawa inayopuliziwa zao hilo, na kuosha kwa maji hakuondoi yote.

Harufu ya mafuta ya taa au dizeli hutokana na usafirishaji, nayo haitoki kwa kuanika. Harufu ya nadra, lakini ya hatari kuliko zote, ni ile inayofanana na vitunguu saumu au samaki waliooza katika majani yasiyostahili kunuka hivyo. Hiyo inaweza kuwa gesi ya vidonge vya kufukizia nafaka vilivyowekwa katika stoo moja na dawa.

ACHA HAPA: ukinusa harufu hiyo, toka nje, acha milango na madirisha wazi, wala usirudi kuutafuta mfuko wenye tatizo, na mtu yeyote asilale katika chumba hicho. Mwenye kuumwa kichwa, kutapika, kubanwa kifua au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Gesi hiyo haina kiuasumu, hivyo kila dakika ya kuanza matibabu mapema ni muhimu.

Mabonge, unyevu na ukungu

Hili ndilo ninaloliogopa zaidi, na ndilo linaloletwa kwangu mara nyingi kuliko mengine yote kati ya Novemba na Aprili. Ndugu zetu wa Kigoma wanalipata hata nje ya miezi hiyo, kwa kuwa mfuko ulioondoka Tabora ukiwa mkavu ukifika Ujiji au Kibirizi, karibu na ziwa, huanza kunyonya unyevu siku unapofunguliwa.

Chanzo cha kwanza ni kufungwa kabla majani hayajakauka ndani. Jani hukauka kabla ya kikonyo, na mkaushaji mwenye haraka hushika majani, akasikia yanavunjika, akafunga. Unyevu uliobaki katika vikonyo hurudi kwenye majani ndani ya mfuko. Chanzo cha pili ni cha mnunuzi mwenyewe: kijiko chenye maji, au kopo linalofunguliwa juu ya sufuria inayotoa mvuke. Cha tatu ni gunia kuwekwa moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji au kuegemezwa ukutani. Cha mwisho, nacho ni cha nadra, ni muuzaji kunyunyizia maji ili kuongeza uzito.

Anza na kikonyo. Kikunje: kikavu huvunjika kwa mlio, na kibichi hupinda. Kisha chukua chupa safi ya kioo iliyokauka vizuri, jaza majani hadi nusu, funga sana, iweke mahali penye kivuli kwa saa 24. Ukikuta ukungu wa maji ndani ya kioo, au majani yaliyokuwa yanavunjika sasa yamekuwa laini, bado kuna maji mengi mno. Majani ya kusaga yanatakiwa yabakiwe na maji yasiyozidi takriban asilimia 10 ya uzito wake, na chupa hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na kipimo kwa mtu asiye na mashine. Kwa unga, bonyeza bonge kwa kidole: likisambaratika mara moja ni kushindiliwa tu, na likibaki limeshikana kama udongo, kuna unyevu.

Hatua ya tatu ni kutazama kwa tochi ya simu, ukiielekeza kutoka ubavuni. Kuvu huonekana kama nyuzi au vumbi jeupe, la kijivu, la kijani cha buluu au jeusi, likianzia palipo na vikonyo au pembeni mwa mfuko. Harufu yake ni ya chumba kilichofungwa kwa muda mrefu msimu wa mvua.

Majani yenye unyevu tu, yasiyo na kuvu wala uvundo, yanaweza kuokolewa siku hiyohiyo kwa kutandazwa tena kivulini penye upepo hadi vikonyo vivunjike, kisha kuwekwa kwenye chupa au kopo la bati juu ya rafu ya mbao. Majani yenye kuvu hayaokolewi. Usichambue sehemu iliyooza ukabakiza nyingine, kwa maana nyuzi za kuvu huenea mbali kuliko jicho linavyoona. Usiyaanike, usiyakaange, usiyachemshe ukidhani moto utasafisha. Moto huua kuvu, lakini sumukuvu iliyokwisha kutengenezwa huvumilia joto la jikoni na kubaki. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2016, mahindi yenye sumukuvu yalipowaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yale yalikuwa yamepikwa kama ugali wa kawaida. Usiwape mbuzi wala kuku majani hayo, kwa kuwa sumu hiyo huwadhuru nao, na kwa mnyama anayekamuliwa hutoka katika maziwa. Yafukie au yachome mbali na nyumba, ukisimama upande usiofuatwa na moshi.

ACHA HAPA: mtu aliyekwisha kutumia dawa yenye kuvu na sasa macho yana umanjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, tumbo linajaa au anatapika bila kukoma, asipewe dawa nyingine yoyote ya majani ya kusafisha ini. Apelekwe hospitali, iwe Kitete hapa Tabora, Maweni kule Kigoma, au kituo cha afya kilicho karibu zaidi, pamoja na mfuko wa dawa aliyoitumia.

Wadudu

Vipekecha wachache katika mizizi au magome yaliyokaa muda mrefu ni uzembe wa hifadhi. Utando, kinyesi cha panya au manyoya ni sababu ya kutupa mzigo wote. Jambo la kuogopa zaidi ni mzigo wa zamani usio na mdudu hata mmoja ilhali kila kitu kingine dukani kimetobolewa. Hapo uliza kwa upole umehifadhiwa na nini, na usiponunua si utovu wa adabu.

Unga una mchanga, unga wa nafaka au chembe za chuma

Kabla ya kumtuhumu mtu kwa wizi, kumbuka kwamba dawa nyingi husagwa katika mashine ileile inayosaga mahindi na muhogo, na kilo ya kwanza hutoka ikiwa na mabaki ya mteja aliyetangulia. Mchanga nao mara nyingi hutokana na kuanika chini au kutoosha majani. Udanganyifu wa makusudi upo, ila huja nyuma ya hayo mawili.

Kwa mchanga, koroga kijiko kimoja cha unga katika glasi ya maji na usubiri dakika 10. Mchanga huzama katika sekunde za mwanzo na hukwaruza ukisugua chini ya glasi kwa kijiko. Kwa chuma, chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, ifunge kwa karatasi nyembamba, ipitishe polepole ndani ya unga uliotandazwa kwenye sahani; chembe nyeusi zinazosimama kama manyoya juu ya karatasi ni vipande vya mawe ya chuma ya mashine.

Kwa unga wa muhogo au mahindi, chemsha kijiko kimoja katika nusu kikombe cha maji kwa dakika 2, acha kipoe kabisa na kitulie, mimina maji ya juu katika sahani nyeupe, kisha dondosha tone moja la ayodini ya kusafishia vidonda. Rangi ya buluu iliyoiva au nyeusi inaonyesha wanga mwingi. Ni lazima maji yawe yamepoa, kwa sababu rangi hiyo hupotea kwenye joto. Uchunguzi huu unafaa kwa majani pekee. Tangawizi na manjano vina wanga wake wa asili, hivyo vitageuka buluu hata vikiwa safi kabisa, na nimemwona mtu akigombana sokoni na muuzaji asiye na kosa lolote kwa kutojua hilo. Kilichopimwa kwa ayodini kinamwagwa, hakinywewi.

Manjano yana hatari yake ya pekee. Katika baadhi ya nchi, ikiwamo Bangladesh, imethibitika kuwa manjano yamekuwa yakitiwa rangi yenye kromati ya risasi ili yang'ae, na madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Hakuna maji, moto, pua wala ulimi unaoweza kuitambua. Nunua vidole vya manjano vizima, vikwangue ngozi, uvisage mwenyewe. Ushauri huo ninautoa pia kwa mlonge na tangawizi: ununue kikiwa kizima, kwa kiasi kidogo cha mwezi mmoja au miwili, usage nyumbani. Mimi nauza unga, na bado nasema hivyo.

Mmea wenyewe una mashaka

Mwarobaini huchanganywa na mmelia, mti unaopandwa kwa kivuli na wenye majani yanayofanana nao kwa mbali. Chanzo cha kawaida ni mchumaji asiyejua, mara nyingi kijana aliyetumwa. Angalia tawi la jani kabla halijapukutishwa: la mwarobaini lina uti mmoja wenye vijani vilivyopangwa pande mbili, ilhali la mmelia uti wake hugawanyika tena kuwa matawi madogo, na kila tawi lina vijani vyake. Matunda ya mmelia ni sumu. Majani yakishasagwa, huwezi tena kutofautisha, na ladha chungu haithibitishi chochote kwa kuwa miti michungu ni mingi.

Kwa mlonge, kosa linalojirudia ni muuzaji kuchanganya majani na mizizi au gome akiamini anaongeza nguvu. Majani huliwa kama mboga. Mizizi na gome vina viini vyenye madhara, na mama mjamzito hapaswi kuvitumia kabisa. Unga wa majani ni wa kijani, mwepesi. Ukiona nyuzinyuzi za rangi ya maziwa au ya kahawia na ukasikia ukali wa pua unaofanana na haradali, una mizizi ndani yake. Mjamzito aepuke pia mwarobaini, na mafuta yake yasinyweshwe mtoto kwa namna yoyote.

Asali ya dawa imeganda, au imetoa povu

Watu huja na asali iliyoganda wakiwa na hasira, wakiamini wameuziwa sukari. Asali halisi huganda, hasa usiku wa baridi wa Juni na Julai, na ukiiweka katika sufuria ya maji ya uvuguvugu itarudi kuwa majimaji. Kuganda si kasoro.

Povu ndilo kasoro. Asali inayozidi maji asilimia 20, ambacho ndicho kikomo cha kiwango cha kimataifa, huanza kuchachuka, na chanzo kikuu ni kurinwa mapema, wakati masega bado hayajafunikwa na nyuki. Katika asali ya dawa kuna chanzo kingine kinachosahauliwa, nacho ni unga wa majani wenye unyevu, au vipande vibichi vya tangawizi na vitunguu saumu vilivyotumbukizwa humo. Asali peke yake ilikuwa nzuri. Kilichotiwa ndani ndicho kilichoiongezea maji. Fungua kifuniko taratibu, kwa kuwa gesi iliyojaa inaweza kuipasua chupa ya kioo. Ikitoa mlio wa hewa na harufu ya pombe au siki, isitumike kama dawa.

Asali ya aina yoyote, hata iliyo bora kutoka Sikonge, asipewe mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vinavyozalisha sumu ndani ya utumbo wake mchanga.

Dawa inafanya kazi haraka kupita kiasi, au inalevya

Mtu huniambia kwa furaha kwamba maumivu ya goti ya miaka mitano yameondoka kwa vijiko viwili. Sifurahi naye. Majani hufanya kazi polepole, na dawa ya viungo inayotuliza ndani ya saa moja ina uwezekano mkubwa wa kuwa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Vinavyojulikana zaidi duniani katika udanganyifu huu ni steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) kama deksamethasoni katika dawa za viungo na pumu, na sildenafili katika dawa za nguvu za kiume. Mwaka 2008 huko Singapore dawa za nguvu za kiume zilizouzwa kwa magendo zilikutwa na glibenklamidi, kidonge cha kisukari, na baadhi ya waliozitumia walikufa kwa sukari kushuka.

Dalili hutofautiana kwa kitu kilichotiwa. Uso kujaa na kuwa wa mviringo, njaa isiyo ya kawaida na miguu kuvimba baada ya wiki kadhaa huelekeza kwenye steroidi. Kichwa kugonga, uso kuwaka moto na macho kuona ubuluu huelekeza kwenye sildenafili, na mgonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya jamii ya naitreti anaweza kushuka presha hadi kupoteza maisha. Jasho la ghafla, kutetemeka na kuchanganyikiwa huelekeza kwenye sukari kushuka: akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari, kisha hospitali.

Kulevya kuna vyanzo vyake. Kinachojitokeza zaidi ni dawa za usingizi zilizosagwa au pombe iliyotumika kuloweka mizizi. Baada ya hapo ni bangi. Na kilicho hatari zaidi ni mnanaha (datura), ambao majani na mbegu zake hukausha kinywa, hupanua mboni za macho, huupeleka moyo mbio na kumfanya mtu azungumze na watu wasiokuwapo. Kuhusu bangi, wapo wanaoniuliza kwa nini isitumike hapa ilhali nchi nyingine huitumia kutibu. Ujerumani, kwa mfano, tangu 2017 daktari anaweza kuiandika, na mgonjwa huipata duka la dawa ikiwa imepimwa kiasi cha viini vyake na kuchunguzwa kuvu na viuatilifu. Hapa Tanzania Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inaikataza, na ile inayojificha ndani ya unga wa mganga haikupimwa na yeyote. Mnunuzi hajui kipimo chake, hajui ilikokaa, na akikutwa nayo ni yeye anayejibu.

ACHA HAPA: usilale ukisubiri ulevi upite. Mtu aliyechanganyikiwa, mwenye mboni zilizopanuka, au asiyeamka akiitwa apelekwe hospitali usiku uleule, wala asitapishwe kwa nguvu. Kwa wanaoshuku steroidi ni lazima niongeze onyo linalokwenda kinyume na mengine yote katika mwongozo huu: kama umetumia dawa hiyo kwa wiki nyingi, usiiache ghafla kwa uamuzi wako. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza zake, na kukatiza kwa mkupuo kunaweza kuuangusha. Mwone daktari leo, ukiwa na dawa mkononi, akupangie namna ya kuipunguza.

Umetumia kwa uaminifu na hali haibadiliki

Inawezekana dawa imechakaa, lakini mara nyingi zaidi ugonjwa si ule uliodhaniwa. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na homa inayotibiwa kwa mwarobaini au chai ya artemisia kwa siku tatu ni siku tatu ambazo vimelea vimeongezeka. Shirika la Afya Duniani halipendekezi artemisia ya majani kwa kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha kiini chake hubadilika kutoka mti hadi mti. Homa ipimwe kwanza kwa kipimo cha haraka, na ikiwa ni malaria itumike dawa mseto. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asisubirishwe hata siku moja.

Anayetumia vidonge vya kisukari, presha au vya kuyeyusha damu amweleze mhudumu wa afya kabla ya kuanza mlonge. Mlonge waweza kushusha sukari na presha juu ya vidonge hivyo, na vitamini K iliyomo hupunguza kazi ya wafarini, mojawapo ya vidonge vya kuyeyusha damu.

Pa kupeleka dawa unayoishuku

Tiba asili nchini inasimamiwa chini ya sheria ya 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na katika halmashauri yupo mratibu wa tiba asili anayeweza kukuambia kama dawa na muuzaji wake wamesajiliwa. Upimaji wa kina, wa madini mazito na dawa za hospitali zilizofichwa, ni kazi ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usisafishe chombo wala kuhamishia dawa kwenye kingine. Iache katika mfuko iliyouzwa nayo, uufunge ndani ya chupa safi kavu, uandike kwa kalamu tarehe ya kununua, sehemu ya soko, jina la dawa kama ulivyotajiwa, kiasi alichotumia mgonjwa na saa dalili zilipoanza. Bakiza angalau vijiko vitano, kwa maana unga uliokwisha haupimiki.